Aibu ya Nyumba

Wahenga waliposema kwamba nyumba njema si mlango, wengi hudhani kuwa walikuwa wakimwonya mnunuzi tu asihadaike na nakshi. Huenda onyo hilo lilimlenga muuzaji kwanza. Mnunuzi huingia ndani na shaka zake, akatazama kila pembe, akauliza. Ilhali mwenye nyumba amekwisha ingia na kutoka mara nyingi mno, hata jicho lake limeacha kuona. Ufa aliouona utotoni ameuzoea kama anavyouzoea uso wake katika kioo. Tone la maji liangukalo mahali pale pale kila masika limetengewa ndoo yake, na ndoo hiyo imekuwa chombo cha nyumbani kama mtungi na mbuzi ya kukunia nazi. Siku ya kuuza ndiyo siku ambayo vitu hivyo hurejeshewa majina yake: ufa huitwa ufa, uvujaji huitwa uvujaji, na kila kimoja huandikiwa bei.

Siku ya namna hiyo ilimfikia mwanamke mmoja wa Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2023. Majirani humwita Bi Mwalimu, kwa kuwa aliwasomesha watoto wa mtaa ule, akawasomesha na watoto wa watoto hao, hadi alipostaafu. Alizaliwa katika nyumba ile, akaolewa kutoka humo, na alipofiwa na mumewe akarejea humo kumtunza mama yake. Baba yao alikuwa amefariki mwaka 1989. Mama akamfuata mwaka 2021. Warithi walikuwa wanne: kaka mkubwa, aliyekuwa akikaa shamba, hapo hapo Unguja, yeye mwenyewe, mdogo wake wa kike aliyeolewa Tanga, na kitindamimba, aliyekwenda Maskati kijana na kuzeekea huko. Kwa hesabu ya mirathi, ambayo mwana wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike fungu moja, nyumba iligawika mafungu sita. Hapana katika wanne hao aliyekuwa na uwezo wa kuwanunua wenziwe. Ikabidi iuzwe.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, yenye ua wa kati na mlango wa mbao mbili, mfaa wake umechongwa nakshi. Ilijengwa kama zilivyojengwa nyumba nyingi za mji huo: kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari iliyobebwa na boriti za mikoko, za aina ile iliyokuwa ikiletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba. Maadamu boriti haivuki salama zaidi ya mita tatu hivi, vyumba vikawa vyembamba na virefu. Mpenzi wa ushairi hatashangaa: mkoko ulikipimia chumba mizani yake kama vile mizani nane zinavyokipimia kipande cha shairi, na mjenzi stadi alijua kukaa ndani ya kipimo hicho bila ya kuonekana kuwa amebanwa.

Dalali alipokuja kuitazama nyumba alisifu mlango, akasifu ua, kisha akasimama mbele ya ukuta wa chumba cha juu cha nyuma na kutikisa kichwa. Ukuta ule ulikuwa umetoka shura. Chumvi nyeupe ilikuwa imechanua juu ya lipu, na penye kuchanua lipu ilikuwa ikipukutika kama unga. “Paka rangi, Bi Mwalimu,” alisema dalali. “Nyumba ni biharusi. Haonyeshwi mtu kabla hajapambwa.” Bi Mwalimu hakupenda neno lile, lakini hakulikataa. Akamwita kijana wa mtaani, akasugua shura kwa brashi ya waya, akapaka rangi makoti mawili. Kwa muda wa wiki tatu chumba kiling'aa.

Mnunuzi alikuja katika wiki hizo tatu. Alikuwa kijana aliyekulia katika magorofa ya Michenzani, mwenye mke na watoto wawili, na fedha zake zilitokana na mikarafuu ya marehemu baba yake huko Pemba, aliyoiuza kwa uchungu. Alipenda nyumba mara ile ile. Aliuliza mambo machache, akanyoosha mkono kugusa nakshi za mfaa, na baada ya mashauri ya siku mbili wakapatana shilingi milioni 300. Hapo hapajaandikwa kitu. Kijana aliomba jambo moja tu kabla ya kuandikishana: amlete fundi wake aitazame nyumba. Bi Mwalimu alisema, “Karibuni,” kama mtu asiye na la kuficha, na aliposema hivyo alihisi rangi mbichi ya chumba cha nyuma ikimtazama.

Fundi yule mwashi alikuwa mtu mzima, mpole wa maneno. Hakutazama mlango hata kidogo. Aliteremsha timazi, akagonga kuta kwa mpini wa nyundo na kusikiliza, akapanda juu ya paa, akarudi. Katika chumba cha nyuma alikwaruza rangi kwa ukucha, ikatoka ganda zima kama ngozi ya kitunguu, na nyuma yake shura ikaonekana. Hakusema lolote. Alichukua tindo, akaomba ruhusa, akachimba kidogo pale boriti tatu zinapoingia ukutani. Kwa nje, boriti zote tatu zilikuwa nzima na nyeusi kwa uzee mwema. Ndani ya ukuta, ncha zao zilikuwa laini kama mkate uliolowa.

Sababu ya maradhi hayo inafahamika vyema kwa mafundi wa mji ule. Jiwe la matumbawe lina vinyweleo. Hunywa unyevu wa ardhi na wa mvua, kisha huutoa tena kupitia lipu ya chokaa, ambayo nayo hupumua. Ukuta wa namna hiyo haukauki kabisa, wala haulowi kabisa; huishi katikati. Ukuta huo ukipakwa saruji, mlango wa kutokea unyevu umefungwa. Maji huingia kwa juu, kwenye nyufa za paa na milizamu iliyoziba, au hupanda kutoka chini, na yakikosa pa kutokea hubakia ndani ya jiwe, yakatafuta kilicho dhaifu. Kilicho dhaifu ni ncha ya boriti, iliyolala gizani ndani ya ukuta, pasipo na upepo wala jicho la mtu.

Bi Mwalimu aliyasikiliza maelezo hayo akiwa amekaa juu ya kitanda cha mama yake. Saruji ile aliitia yeye. Ilikuwa mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño zilizolowesha pwani nzima, chumba cha nyuma kilipovuja hata mama akahamishiwa ukumbini. Alikwenda sokoni na bangili zake za harusi, akarudi bila ya bangili, akanunua mifuko ya saruji. Siku zile saruji ndiyo ilikuwa dawa ya kila ukuta. Fundi aliyemfanyia kazi alijivunia kazi yake, na mama akamwombea dua binti yake kwa kumrudisha chumbani mwake. Miaka 25 baadaye dua ile ilikuwa ikisomwa upya, kwa sauti ya chini, na mwashi mwenye tindo mkononi.

Siku ya tatu kijana alileta orodha. Boriti zote 46 za dari ya juu, kwa shilingi 500,000 kila moja pamoja na ufundi, milioni 23. Kubandua saruji na kupiga lipu ya chokaa, milioni 12. Paa na milizamu, milioni 7. Nyaya za umeme na mabomba mapya, milioni 8. Mlango wa mbele na vigae vya chooni, milioni 4. Jumla milioni 54, na kijana aliomba zipunguzwe zote katika bei. Hakusema kwa jeuri. “Mimi naogopa, Bi Mwalimu,” alisema. “Beit al-Ajaib ilikuwa nyumba ya mfalme, na tumeiona ilivyoanguka. Nina watoto watakaolala chini ya boriti hizi.” Jumba hilo, lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Disemba 2020, likaua watu. Hapana mkaazi wa mji ule asiyepita pale akatazama juu.

Bi Mwalimu aliikunja karatasi na kusema atampa jibu. Mlango ulipofungwa alilia. Hakulilia fedha kwanza. Fedha zilikuja baadaye. Alilia kwa kuwa kila mstari wa orodha ile aliusikia kama tusi: kwamba mama yake alilala katika uchafu, kwamba baba yake aliacha gofu, kwamba yeye alikuwa mtunzaji mbaya, na kwamba ile rangi ya makoti mawili ilikuwa uongo. Hili la mwisho ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli.

Usiku huo simu ya Maskati ikaja. Kitindamimba alikuwa amekwisha ambiwa na dalali. Alizungumza kwa adabu, akamwita Dada kila baada ya maneno matatu, lakini alichokusudia kilieleweka. Mwenye kuharibu, alisema, ndiye anayejua namna ya kutengeneza. Aliyetia saruji hakumshauri mtu. Bi Mwalimu alipoweka simu chini akafanya hesabu ya kimwalimu nyuma ya orodha ile ile. Milioni 300 kwa mafungu sita ni milioni 50 kwa fungu. Lake lilikuwa fungu moja. Kama milioni 54 zingemwangukia yeye peke yake, angetoka katika nyumba ya wazazi wake akiwa anadaiwa milioni nne.

Baada ya sala ya alasiri siku iliyofuata alikwenda kwa mzee mmoja wa mtaani, rafiki wa baba yake, aliyewahi kudarsisha fikihi msikitini kwa miaka mingi. Alimsimulia yote, akamaliza kwa kusema kwamba hana la kujibu maana ameaibika. Mzee akamuuliza, “Aibu ipi unayoisema? Maana ziko mbili.” Akamweleza kwamba katika elimu ya mauziano neno aibu lina maana yake ya asili: ni upungufu ulio katika kitu kinachouzwa, unaopunguza thamani yake au manufaa yake. Ng'ombe ana aibu, jahazi lina aibu, nyumba ina aibu. Hiyo haimvunjii mtu heshima. Waswahili walipolipokea neno hilo walilitoa katika kitu wakalivika mtu, likawa haya na fedheha. “Nyumba yako ina aibu,” alisema mzee. “Wewe utakuwa nayo ukiificha.”

Maneno hayo yalimrudisha Bi Mwalimu kwenye baraza ya baba yake. Marehemu alikuwa mpenzi wa mashairi, na jioni watunzi wa mtaa walikuwa wakija na beti zao kuzisikilizisha. Yeye, mtoto wa miaka kumi, aliwaletea kahawa. Baba alikuwa akipenda kukumbusha kwamba ubeti asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba, na kwamba nusu ya ubeti, huko kwa Waarabu, huitwa kwa jina lile lile la ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Wanazuoni wa Kiarabu wana mlango mzima wa elimu uitwao aibu za kafi, yaani kasoro za vina, kila moja na jina lake. Mojawapo ni kurudia neno lile lile katika kina kabla ya muda wake. Mtunzi akija na ubeti wenye kasoro, baba hakumcheka. Alikuwa akimwambia aitaje aibu yake kabla hajatajiwa, kisha waitengeneze pamoja. Na ambaye hakuweza kuitaja, huyo ndiye aliyemwonea huruma.

Mzee alimpa jambo la pili la kwenda nalo. Aibu ambayo mnunuzi ameiona na kuijua kabla ya kufunga mauziano, akaridhika nayo, haimpi tena haki ya kulalamika. Iliyofichika ndiyo yenye hukumu. Kwa hiyo, alimwambia, usiijibu orodha kwa jumla, wala usikatae kwa jumla. Ipambanue.

Bi Mwalimu aliipambanua kama anavyosahihisha daftari. Alichora mistari miwili, akapata safu tatu. Katika safu ya kwanza akaweka yale ambayo yangemdhuru aliye ndani na hayakuwa yakionekana: boriti, saruji, mlizamu wa nyuma. Katika ya pili akaweka uzee uliokuwa wazi kwa kila mwenye macho: nyaya zilizopita juu ya ukuta, mabomba yenye kutu, ambayo kijana aliyaona siku ya kwanza na kuyaingiza katika hesabu ya milioni 300. Katika ya tatu akaweka mapenzi ya mnunuzi: vigae vya chooni, na mlango, ambao haukuwa na ila yoyote isipokuwa jua. Kisha akakaa muda mrefu na kalamu mkononi, na chini ya safu ya kwanza akaongeza jambo ambalo fundi hakuliona.

Walikutana mara ya pili katika ua, kijana na fundi wake upande mmoja, Bi Mwalimu na kaka yake mkubwa upande wa pili, pamoja na mwashi mwingine aliyeletwa na kaka. Bi Mwalimu alianza kwa kuomba radhi kwa ile rangi. Alisema iliwekwa ili kuficha shura, na kwamba hakupaswa kukubali. Dalali alitazama viatu vyake. Halafu akawapandisha ngazi, akalisogeza kabati la nguo la mama yake lililosimama pale tangu yeye akiwa msichana, na nyuma yake ukaonekana ufa uliopita kutoka dirishani hadi sakafuni, mpana wa kuingia kidole. “Hili hamkuliandika,” alisema. “Liandikeni.” Mwashi wa kijana aliinama, akapitisha mkono wake ndani ya ufa, akasimama na kumtazama Bi Mwalimu kwa namna nyingine. Milioni 3, alikadiria. Kaka mkubwa alikunja uso, akanyamaza.

Baada ya hapo mazungumzo yalibadilika. Yalikuwa bado magumu, lakini hapakuwa tena na mtu aliyekuwa akimvizia mwenziwe. Vigae na mlango viliondoka bila ya ubishi. Juu ya nyaya na mabomba kijana alishindana kidogo, kisha akakiri kwamba aliziona. Kilichobaki kuwa kizito kilikuwa boriti. Mwashi wa kijana aliona tatu mbovu akahukumu zote 46. Mwashi wa kaka alisema hizo tatu ndizo zenyewe, maana ziko chini ya mlizamu ulioziba. Kila mmoja alikuwa fundi, na kila mmoja alikuwa akikisia.

Hapo Bi Mwalimu alitoa rai. Ukuta ufunguliwe. Itolewe lipu kwa upana wa shubiri mbili, usawa wa dari, pande zote, ili kila ncha ya boriti ionekane na ihesabiwe mbele ya mafundi wote wawili. Zikionekana mbovu zaidi ya nusu, gharama ya kufungua iwe juu ya warithi. Zikiwa chini ya nusu, iwe juu ya mnunuzi. Baadhi ya watu wangemwona mjinga. Muuzaji hujitahidi kufunga, naye alikuwa akifungua, na endapo kijana angeghairi, angebakia na nyumba iliyopasuliwa. Lakini alijua kwamba kisio lolote watakalokubaliana gizani lingekuwa dhuluma kwa mmoja wao, na hapana ambaye angejua ni kwa yupi.

Kaka mkubwa alipendekeza njia nyingine: warithi watengeneze wenyewe, kisha wauze kwa bei kamili. Bi Mwalimu aliikataa. Kazi yoyote ya nyumba katika Mji Mkongwe, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, huhitaji kibali cha Mamlaka ya uhifadhi iliyoundwa mwaka 1985, na vifaa vyake ni lazima viafikiane na jengo. Hilo si tabu kwa mwenye kuishi humo. Ni tabu kwa mwenye haraka ya kuondoka. Mtu anayetengeneza ili auze, alisema, hutengeneza kinachoonekana. Alikuwa na makoti mawili ya rangi kwa ushahidi. Chokaa nayo haitaki pupa: hupigwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka ikapewa muda wa kushika. Heri kazi hiyo aifanye atakayelala chini yake.

Ukuta ulifunguliwa kwa siku nne. Vumbi la saruji lilijaa nyumba nzima, likatua juu ya mikeka na vikombe. Kila ncha ilipofunuliwa mafundi wawili waliichoma kwa bisibisi, wakatazamana, wakasema “nzima” au “mbovu”, na Bi Mwalimu akapiga alama kwa chaki ukutani, kama alivyokuwa akihudhurisha wanafunzi. Mwisho wa hesabu boriti mbovu zilikuwa 17, zote katika chumba cha nyuma na cha jirani yake, pale penye saruji. Boriti 29 zilikuwa nzima, na kati ya hizo nzima nyingi ziliingia katika kuta ambazo hazijapata kuguswa tangu baba wa baba.

Hesabu ikaandikwa upya. Boriti 17, milioni 8 na nusu. Kubandua saruji na kupiga chokaa, ukitoa sehemu ya chini isiyohusika, milioni 10 na nusu. Mlizamu na ufa wa paa juu yake, milioni 2. Ufa wa nyuma ya kabati, milioni 3. Jumla milioni 24, badala ya 54. Kijana alilipa gharama ya kufungua, kama walivyoafikiana, na hakunung'unika. Alikuwa amenunua usingizi wake kwa bei nafuu. Bei ikawa milioni 276.

Ikabaki simu ya Maskati. Safari hii kaka mkubwa ndiye aliyeishika, na Bi Mwalimu alisikia upande mmoja tu. Kaka hakutaja bangili. Alisema kwamba mama yao alilala pakavu miaka 23 chini ya saruji ile, na kwamba kila mmoja wao alipokuja likizo na wanawe alilala pakavu vilevile. Mzee wa fikihi, alisema, amewakumbusha ile kanuni kuwa faida hufuatana na dhamana: aliyekula manufaa ya kitu ndiye anayebeba hasara yake. Wote walikula. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha kitindamimba akaomba azungumze na dada yake, akamuuliza hali, akamuuliza kama anakula vizuri, na kabla ya kuaga akasema kwamba mafungu sita ni mafungu sita. Milioni 24 zikagawika kama urithi wenyewe: dada wawili milioni 4 kila mmoja, kaka wawili milioni 8 kila mmoja. Bi Mwalimu akatoka na milioni 46.

Mauziano yaliandikwa mbele ya sheha, orodha ikaambatanishwa na mkataba pamoja na safu zake tatu, ili asije mtu baadaye akadai kuwa hakujua. Bi Mwalimu alimkabidhi kijana ufunguo, akamwonyesha mahali ambapo mlango hukwama wakati wa mvua na namna ya kuuinua kidogo kabla ya kuusukuma. Alihamia kwa kaka yake, shamba.

Kuna wasemao kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini nyumba yenye umri huo haiko katika mizani hiyo. Ni nzuri na ina aibu kwa pamoja, na mtu anayetaka ipite mikononi mwake kwa haki hana budi kuyasema yote mawili kwa sauti ile ile. Asiyetaja aibu huuza kitu ambacho hakipo, na mnunuzi naye, akiitambua, hununua hofu iliyo kubwa kuliko ufa wenyewe. Milioni 30 zilizoondoka katika orodha ya kwanza hazikuondolewa na ulimi wa dalali. Ziliondoka pale hofu ilipohesabiwa.

Baada ya miezi minane Bi Mwalimu alikuja mjini kumzuru mgonjwa, na njia yake ikapita mtaani kwake. Boriti zilizotolewa zilikuwa zimepangwa juu ya baraza, ncha zao zikitazama njia, na watoto walikuwa wakizikalia. Kijana alimwona akiwa mlangoni, akamwamkia, akamsihi aingie. Chumba cha nyuma kilikuwa bado kitupu, hakijapakwa niru, na kilinuka chokaa mbichi. Pale palipokuwa na kabati la mama palikuwa na ukuta mzima, wa rangi tofauti kidogo na uliouzunguka, umekwisha kauka kabla ya kuta nyingine zote.

“Fundi alianzia hapa,” alisema kijana. “Alisema pale mwenye nyumba alipopataja mwenyewe ndipo pa kuanzia.”